Majani si mizizi: kutibu matatizo ya kuotesha maua ya kichaka Mtwara na Lindi

Sisi wa kusini tumekua tukipanda mihogo. Mtoto wa miaka saba anajua kukata pingili, kuichomeka kwenye tuta na kwenda zake, mvua ikinyesha muhogo unaota. Ndiyo maana wengi wanaofika kitaluni kwangu hapa Mikindani kuulizia bogonvilia au asumini iliyowafia huanza kwa maneno yaleyale: "Nilichomeka tu, kama muhogo." Lakini bua la muhogo ni nene, limejaa akiba ya chakula, tena ni jepesi la kutoa mizizi. Maua mengi ya kichaka hayana wepesi huo. Kijiti cha bogonvilia kinaweza kutoa majani mabichi kwa chakula kilichobaki ndani yake, kikakaa wiki tano kinapendeza macho, na kumbe chini hakuna mzizi hata mmoja.

Kabla hujatafuta dalili yako hapa chini, fanya jambo moja ambalo watu huliogopa: kama ulichomeka vijiti kumi, ng'oa kimoja ukitazame. Hicho kimoja kitakuambia habari za tisa vilivyobaki. Ukikuta weusi laini unaoanzia chini kupanda juu, pengine na harufu, kimeoza. Ukikuta ukavu wa kahawia unaoanzia kwenye ncha kushuka chini, kimekauka kwa jua au upepo. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: rangi ya kijani chini ya gome maana yake kingali hai, hata kama juu hakina jani. Na ukiona uvimbe mweupe kwenye mkato, jeraha limefunga na kijiti kinajiandaa. Kirudishe taratibu, usikihesabu kuwa kimekufa.

Kimechipua, kikapendeza, kisha kikanyauka chote kwa siku mbili

Hili ndilo linaloleta machozi kuliko yote, kwa sababu mtu alishawaambia majirani kwamba ua limeshika. Halikuwa limeshika. Jani linapoteza maji mchana kutwa, na kijiti kisicho na mizizi hakiwezi kunyonya cha kutosha kufidia. Akiba ikiisha, kinaanguka kwa mara moja. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, hali inakuwa mbaya zaidi: hewa ni kavu na upepo haupumziki, hasa kwa sisi tunaoitazama bahari.

Dawa yake inaanza siku ya kukata. Chukua tawi lisilo changa sana wala kuukuu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20 kwa bogonvilia na 10 hadi 15 kwa hibiskasi. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linaposhikana na tawi, maana kwenye vifundo ndiko mizizi mingi hutokea. Ondoa majani ya chini yote, acha mawili au matatu juu, nayo yakiwa makubwa yakate nusu. Kama kuna vitumba vya maua, vitoe bila huruma. Bogonvilia hasa ina tabia ya kuchanua kwenye kijiti kitupu, na kila ua linakula chakula ambacho kingejenga mzizi.

Kisha kifunike. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, mimi natumia chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu. Nakata kitako, nakivisha kijiti, nafungua kifuniko dakika chache kila asubuhi hewa ipite. Kitalu kiwe chini ya makuti yaliyoezekwa kwa nafasi, mwanga upenye vipande vipande. Chini ya mkorosho hapafai, kivuli chake ni kizito mno na vijiti hurefuka kwa unyonge.

Tatizo kubwa ni kwamba mizizi haionekani, kwa hiyo watu huvutavuta kijiti kila siku kuona kama kimeshika. Kwa hibiskasi mvuto mwepesi baada ya wiki nne hauna madhara. Kwa bogonvilia usithubutu. Mizizi yake ya mwanzo ni myembamba na inakatika kama tambi kavu. Njia niliyoizoea ni kupanda kwenye chupa angavu iliyotobolewa chini, nikaizungushia gazeti ili mwanga usifike mizizini. Nikitaka kujua hali, nafunua gazeti. Siku nikiona nyuzi nyeupe zimegusa ukuta wa chupa, ndipo naondoa kifuniko. Kwa hali ya hewa ya huku, hibiskasi ya kawaida huchukua wiki tatu hadi tano, asumini nne hadi sita, na bogonvilia sita hadi kumi na mbili. Majani yakitoka wiki ya pili, furahi kimoyomoyo na usiguse kitu.

Nimechovya kwenye maji ya dafu na bado hakuna mizizi

Pwani yetu haikosi dafu, na ushauri huu unapita mdomo kwa mdomo. Una chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Mwaka 1941 watafiti akiwemo J. van Overbeek walionyesha kwamba maji ya nazi yanasaidia viinitete vichanga vya mmea wa Datura kukua maabara, na tangu hapo yametumika sana kukuza tishu za mimea kwenye chupa. Lakini kinachosifika ndani yake ni homoni za kundi la sitokinini, ambazo huchochea seli kugawanyika na machipukizi kutoka. Mzizi unaitwa na homoni za kundi jingine, oksini. Juu ya hayo, dafu lina sukari, na sukari kwenye mchanga wenye unyevu na joto ni karamu ya kuvu. Dafu linywe mwenyewe.

Ukitaka msaada wa kweli, uliza duka la pembejeo unga wa homoni ya mizizi, wenye asidi ya indoli-butiriki. Chovya ncha ya chini tu, sentimita moja au mbili, gonga unga wa ziada uanguke, toboa shimo kwa kijiti kingine kabla ya kupanda ili unga usifutike. Hibiskasi ya kawaida haiuhitaji. Bogonvilia zile za maua meupe na za machungwa, ambazo kwangu zimekuwa ngumu kuliko ya zambarau, unga huo unazisaidia sana.

Chini kimekuwa cheusi na laini

Kuoza karibu daima kunatokana na maji yaliyotuama kwenye udongo mzito, au samadi. Najua nia ni njema, mtu anataka kulisha mmea wake, lakini kijiti hakina mdomo wa kulia bado. Samadi na mboji vinaleta vijidudu kwenye jeraha bichi. Lishe ingoje mizizi.

Mchanganyiko wangu ni mchanga wa mto sehemu mbili na mapumba ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi, sehemu moja. Usiyaache yawe majivu. Mchanga naumwagia maji yanayochemka siku moja kabla, nauacha upoe na kuchuruzika. Kisu kiwe kikali, kifutwe kwa spiriti kati ya mmea na mmea, maana kisu butu kinaponda nyama ya kijiti na hapo ndipo uozo unapoingilia. Mwagilia pale mchanga wa juu unapoanza kubadilika rangi. Ndani ya chupa iliyofunikwa huenda ikapita siku nne bila kuhitaji maji.

Franjipani ina kesi yake ya peke yake, na hapa elimu ya muhogo inarudi kutufaa. Wazee huweka mabua ya muhogo kivulini yapumzike kabla ya kupanda, na franjipani inataka vivyo hivyo, tena zaidi. Tawi la sentimita 30 hadi 45 likikatwa linatoka utomvu mweupe. Lisimamishe kivulini penye hewa wiki moja hadi mbili mpaka mkato ukauke na kufunga kama kovu. Ukilipanda likiwa bado linatoka utomvu, nafasi ya kuoza ni kubwa. Wakati mzuri wa kukata ni kiangazi likiwa limepukutisha majani, Agosti hadi Oktoba. Panda kwenye mchanga mkavu kiasi, mwagilia mara moja, kisha lisahau hadi majani mapya yaonekane. Osha mikono, utomvu ule unawasha ngozi na ni hatari machoni.

Kingo za majani zimeungua na juu ya mchanga kuna unga mweupe

Hiyo ni chumvi. Nimelipia somo hili mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilizoa mchanga ufukweni, msafi, mweupe, wa bure, nikapanda vijiti 60 vya hibiskasi. Havikuoza wala kukauka haraka. Vilikaa tu, vikaungua kingo za majani kidogo kidogo, na mwezi wa pili vyote vilikuwa kuni. Chumvi kwenye mchanga inazuia maji kuingia kwenye mmea hata kama mchanga umelowa chepechepe.

Chumvi inajificha mahali pengine ambapo watu hawaishuku: usumba. Nyuzi za nazi ni nzuri sana kwa kuotesha, zinashika maji na hewa pamoja. Lakini huku pwani makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukoni miezi kadhaa ili yalainike kwa kusokota kamba. Usumba uliotoka huko umekunywa bahari. Uloweke kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, ukamue, umwage, urudie kwa siku nne au tano hadi maji yasiwe na rangi ya chai. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Visima vya karibu na bahari navyo vipime hivyohivyo. Kama vina ladha, kusanya maji ya mvua kutoka bati uyaweke akiba kwa ajili ya vijiti pekee, maana havitumii mengi. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kuhangaikia, wameshazoea kuvuna ya paa, na vijiti vyao havijui shida hii.

Majani ni ya njano, mishipa imebaki ya kijani

Iksora na hibiskasi zikipandwa karibu na magofu na nyumba za zamani za Mikindani hupata ugonjwa huu. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, na chokaa inayomomonyoka kwenye udongo inafunga madini ya chuma yasipatikane kwa mmea. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu, ukisikia unachemka na kutoa povu, chokaa ipo. Mbolea ya dukani haitasaidia kama hujabadilisha udongo. Leta udongo mwekundu usio na chokaa kutoka bara, changanya na mboji iliyoiva, na iksora uiweke kwenye chungu mbali na ukuta. Bogonvilia na oleanda haziisumbukii chokaa, unaweza kuzipa nafasi ile.

Miezi mitatu, kijani tupu, hakuna mzizi

Ukikwangua ni hai, ukikitoa kina uvimbe mweupe mkubwa kama kidonge na basi. Mara nyingi kosa ni wakati. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na siku zile za kaskazi zenye joto na unyevu ndizo mizizi inazozipenda. Kijiti kilichokatwa Juni kinakutana na usiku wa baridi kiasi na mchana wa upepo mkavu, kwa hiyo kinazubaa. Kama kingali hai, kata upya mkato wa chini nusu sentimita, au kwangua uvimbe ule upande mmoja, weka homoni, panda tena mahali pa joto. Nimeviokoa vingi namna hiyo mwezi Novemba.

Sababu nyingine ni kupanda kichwa chini. Kijiti kisicho na majani kinachanganya, na kikigeuzwa hakitoi mizizi ya maana. Tangu siku ya kwanza kata juu mkato ulionyooka, chini mkato wa mshazari. Hutakosea.

Kijiti kimeanguka chenyewe, chini pametobolewa

Mchwa. Wanapenda vijiti vikavu vilivyochomekwa moja kwa moja ardhini kiangazi, hasa penye takataka zisizooza vizuri. Oteshea kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, juu ya chanja, miguu ya chanja iwe ndani ya makopo yenye maji, na uyabadilishe kila wiki yasizalishe mbu.

Mbegu hazioti

Kwanza ujue ni mbegu ya nini. Bogonvilia na asumini za huku ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo anayekuuzia "mbegu za asumini" kwenye pakiti muulize maswali.

Kaisalpinia, kile kichaka cha maua mekundu na njano yenye ndevu ndefu, kina mbegu yenye ganda gumu ambalo maji hayalipenyi. Sugua upande mmoja kwa msasa au tupa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, bila kugusa upande wenye kidoa ilipokuwa imeshikana na ganda la tunda. Kisha lowesha saa 24. Iliyovimba mara mbili iko tayari kwa kupandwa, ambayo haijavimba isugue tena.

Adeniamu, waridi la jangwani, ni kinyume chake. Mbegu yake ni laini na inazeeka haraka. Ikiwa mbichi huota ndani ya wiki moja, ikikaa miezi mingi kwenye bahasha wengi huambulia patupu. Panda juujuu, ifunike kwa mchanga wa unene wake tu. Wapenzi wa shina lililonenepa chini kama chupa wajue kwamba mmea wa kijiti kwa kawaida haupati umbo lile, wa mbegu ndio unaolipata. Na utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa Afrika wamepaka kwenye mishale, kwa hiyo weka mbali na watoto na mbuzi.

Mhina una mbegu ndogo kama vumbi la tumbaku. Zilowe siku tatu hadi saba, maji yakibadilishwa kila siku, kisha zitandazwe juu ya mchanga laini bila kuzifukia. Ukimwagilia kwa kopo utazizika au zitasombwa. Kalisha kiriba ndani ya sinia la maji, kinywe kwa chini.

Kama hujui mbegu zako ni hai, zilaze kumi kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo lililofunikwa. Zikiota saba, panda kwa amani. Ikiota moja, tafuta nyingine kabla hujapoteza msimu. Na ukipanda mbegu za hibiskasi, franjipani au adeniamu, usimwahidi mteja rangi ya mama yao. Watoto hawafanani na mama. Anayetaka rangi ileile apewe kijiti.

Miche imeota vizuri, kisha imelala chini mmoja mmoja

Tazama shina usawa wa udongo. Likiwa limebanwa jembamba kama uzi, ni kuvu wa udongo, nao huenda kwa duara: leo mitatu, kesho kumi. Iliyoanguka haiponi. Itoe pamoja na udongo wake, acha kumwagilia siku moja au mbili, punguza msongamano, ongeza hewa. Safari ijayo tumia mchanga uliomwagiwa maji ya moto, na mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni.

Utando mweupe kama pamba kwenye vifundo

Ni vidung'ata, na hibiskasi ndiyo chakula chao. Wanatoka pia kwenye mipapai na mihogo ya jirani. Kwa vijiti vichache, wafute kwa pamba yenye spiriti. Kwa vingi, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jua likizama, rudia baada ya siku tano. Sisimizi wanawalinda, kwa hiyo makopo ya maji ya miguu ya chanja yanafanya kazi mbili.

Asumini imekataa kila njia

Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na mwasumini mmoja tu, wa mama yake, wa maua mazito ya kutungia vikuba. Nilikuwa nimekata vijiti vyake mara mbili na vyote vikafa. Nilipomwamkia shikamoo siku hiyo akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Usinikatie tena, utanimalizia mti." Alikuwa sahihi. Mmea wa namna hiyo usiukate kwanza, uoteshe ungali umeshikana na mama.

Chagua tawi refu la chini linaloinama. Kwangua gome upande wa chini wa kifundo kimoja, urefu wa sentimita mbili. Chimba kijifereji, laza kifundo kile ndani, kishikilie kwa waya au jiwe, fukia, acha ncha ya tawi itoke nje. Weka udongo unyevu muda wote. Tawi linaendelea kulishwa na mama huku likijitafutia mizizi yake, kwa hiyo kusi halina la kulifanya. Baada ya wiki sita hadi nane fukua kidogo uone. Mizizi ikiwepo, kata upande wa mama lakini usihamishe. Acha hapohapo wiki mbili nyingine kizoee kujitegemea, ndipo ukichimbue na udongo wake. Kwa bibi yule nililaza matawi matatu mwezi Januari, na Aprili alikuwa na miasumini minne.

Kimekufa baada ya kuhamishwa

Mizizi ilikuwepo, umeiona kwa macho, lakini wiki moja baada ya kupandwa uani kimekauka. Mara nyingi ni pigo la ghafla: kimetoka ndani ya chupa yenye unyevu kikawekwa kwenye jua la saa saba. Siku tatu za kwanza fungua chupa asubuhi na jioni, siku tatu zinazofuata iondoe kabisa kivulini, kisha kipe jua la asubuhi, saa moja moja ukiongeza, kwa siku saba hadi kumi na nne. Panda mvua zikiwa bado zipo, ikiwezekana kabla ya mwisho wa Machi, kishike ardhi kabla kusi halijaanza.

Kwa bogonvilia, usitikise udongo wala usishike shina kuvuta. Kata kitako cha kiriba kwa wembe, kalisha kiriba kizima shimoni, jaza udongo pembeni hadi nusu, ndipo upasue ubavu wa plastiki na kuivuta taratibu kwenda juu. Kipande hicho cha plastiki kitoe shambani.